Noti za Mwalimu: niliyojifunza baada ya kumzika mpiga kinanda wetu

Msiba wa Dar es Salaam una mtu wa kila kazi. Kuna wa chakula, wa maturubai na viti, wa usafiri, wa jeneza, wa kaburi, na yule wa kukumbusha michango kwenye kundi la WhatsApp mpaka watu wanaanza kujitoa kimyakimya. Alipofariki mwalimu wetu wa muziki, mtu aliyepiga kinanda parokiani kwetu tangu mimi sijazaliwa, nafasi hizo zote zilijaa kabla jua halijazama. Mimi nikapewa kilichobaki. "Wewe uliyekaa naye, andika wasifu," mwenyekiti wa kwaya aliniambia. Kisha, akiwa ameshageuka kuondoka: "Halafu angalia na zile noti zake."

Hizo noti, yaani makaratasi ya nyimbo aliyoyaandika kwa mkono, zimenichukua muda mrefu kuliko msiba wenyewe, arobaini na yote yaliyofuata. Naandika kwa ajili ya kwaya ambazo mwalimu wao mzee bado yuko hai, kwa sababu yapo mambo ambayo leo unayapata ukienda kumjulia hali jioni moja, na akishaondoka huyapati hata kwa fedha.

Nianze na wasifu, maana ndio ulikuwa na haraka. Mpangilio wake kila mtu anaujua: kuzaliwa, ubatizo, shule, ajira, ndoa, watoto, kuugua, kufariki, "ameacha mjane, watoto na wajukuu". Familia ilinipa vyeti. Kwao ni Ruvuma, karibu na Peramiho, ambako watawa Wabenediktini walifika mwaka 1898, na huko ndiko alikokanyaga kinanda cha upepo kwa mara ya kwanza akiwa mtoto. Ualimu alisomea Butimba, Mwanza, chuo ambacho walimu wengi wa muziki wa rika lake wamepitia. Baadaye akafundisha shule za msingi hapa Dar hadi kustaafu. Ukurasa ulijaa, na yote yalikuwa kweli, ila ungeweza kubadilisha jina ukausomea mtu mwingine yeyote.

Nikaanza kupigia simu wanafunzi wake wa zamani. Kwanza niliwauliza alikuwa mtu wa namna gani, na wote wakaniambia alikuwa mcheshi na mpenda watu, kama tunavyosema kwa kila marehemu. Nikabadilisha swali: alikufundisha nini, na alikufundishaje? Hapo watu wakaanza kuzungumza. Mmoja, sasa ni fundi umeme Tabata, alinikumbusha kinanda cha boksi. Cha kanisa kilikuwa kimoja na kilifungwa kwa kufuli, kwa hiyo Mwalimu alipasua katoni, akachora vitufe vyenye upana ule ule wa kweli, vyeusi akavijaza wino, akakilaza mezani. Mtoto anabonyeza karatasi huku akiimba mwenyewe sauti ya kila kitufe anachokigusa. Ukigusa fa ukaimba so, wenzako wanakucheka kabla Mwalimu hajasema neno. Yeye alikuwa akitazama vidole tu. "Gumba lipite chini ya kidole cha kati. Lisiruke!" Tulijua skeli ya C kwa vidole vyote kabla hatujasikia kinanda chenyewe kinaliaje chini ya mikono yetu.

Hayo ndiyo niliyoandika, na ndiyo watu waliyoyasikiliza. Vyeo nilivipunguza hadi mistari miwili. Kuna mzee wa ukoo hakufurahi. Alitaka zitajwe kamati zote ambazo marehemu aliwahi kuwa katibu wake. Nikamwahidi nafasi kwenye kijitabu cha arobaini, yakaisha.

Jambo ambalo linawakwaza wengi ni wasifu usomwe wapi. MC wetu alikuwa ameshaupanga baada ya mahubiri. Mwongozo wa Misa ya Kiroma, namba 382, unasema katika Misa ya mazishi kuwe na mahubiri mafupi, lakini si hotuba ya kumsifu marehemu. Kwa hiyo parokiani kwetu wasifu husomwa nyumbani wakati wa kuaga, kabla ya kwenda kanisani. Kama wewe ni Mkatoliki, muulize paroko siku ya kwanza, kabla ratiba haijapelekwa kuchapwa. Sisi tuliuliza ikiwa imeshatolewa nakala, zikatupwa zote, na fedha za duka la nakala zikatoka mara mbili kwenye mfuko uleule wa michango.

Kinanda nacho kilileta maneno. Vijana aliowafundisha walitaka jeneza linapoingia kanisani kinanda kipigwe peke yake, bila kuimba, kumuenzi. Mimi mwenyewe niliona ni wazo zuri sana. Tukaenda kwa Baba Paroko.

"Mwalimu wenu mwenyewe asingekubali," alisema.

Alikuwa sahihi. Musicam Sacram, maelekezo ya Kanisa kuhusu muziki ya mwaka 1967, namba 66, hayaruhusu ala kupigwa peke yake katika Misa na ibada za wafu. Kazi yake iwe kusindikiza uimbaji tu. Na mmoja wa wale vijana aliwahi kusimamishwa na Mwalimu mbele yetu sote kwa kujipigia kinanda Kwaresima, wakati wa sadaka, wimbo ukiwa umeshakwisha. Basi siku ya mazishi kinanda kikawa chini ya sauti zetu mwanzo hadi mwisho. Mpiga kinanda bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao alizikwa bila kupigiwa kinanda peke yake hata mapigo manne. Lakini usiku wa kuamkia mazishi, nyumbani, vijana waliweka kinanda kidogo barazani na kupiga mpaka majirani wakaleta viti vyao. Kama mna mpiga kinanda wa kumuaga, mkesha ndio mahali pake.

Jumapili iliyofuata, Misa ya saa 12 asubuhi, nani atoe sauti? Mwalimu alikuwa na kile chuma chenye meno mawili, anakigonga gotini, anakisogeza sikioni, kinampa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, halafu anahesabu kichwani na kutuimbia do yetu. Umeme ukatike, usikatike, alianzia pale pale. Jumapili hiyo mwenzetu alijitolea kutoa do kwa kukisia. Wimbo wa mwanzo ukapanda hadi soprano wakafunga midomo ubeti wa pili, tena, bila mtu kupanga, wote kwa pamoja. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Sikujua bado kwamba kile chuma kingetuletea kazi kubwa kwenye makaratasi.

Makaratasi yenyewe nusura tuyakose. Kabla ya arobaini ndugu huwa wanasafisha chumba cha marehemu, na katika mji huu karatasi iliyoandikwa upande mmoja ina soko: inafungia karanga na maandazi. Nilimkuta shangazi mmoja ameshafunga furushi la kutoa nje. Nikamwendea mjane.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, naomba makaratasi ya Mwalimu yasitoke kwanza."

"Mimi hata sijui yapi ni nyimbo na yapi ni risiti za umeme wa LUKU. Chukua funguo, funga chumba, utakuja kuangalia mwenyewe."

Hilo ombi lipelekwe mapema, na lipelekwe na mtu ambaye mjane anamfahamu. Usimtume kijana wa kamati. Kwake haya si makaratasi tu, ni mwandiko wa mumewe. Siku ya kwanza kuyafungua tulikaa naye muda mrefu bila kupanga chochote. Kila karatasi alikuwa na la kusema: hili aliliandika wakati mtoto wetu wa pili ana surua, hili aliliandika foleni ya benki. Nusu ya tarehe nilizonazo zimetoka kwenye mazungumzo hayo. Baadaye nikawa namuomba ruhusa ya kurekodi kwa simu.

Kulikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, kabati la sakristia, boksi la kwaya ambalo mchwa walikuwa wameshalianza, na nyingine zilizokuwa mikononi mwa waimbaji waliohamia Mbagala, Kimara na kwingineko, ambao miaka ile waliazima noti wakahama nazo. Hao ndio walioziokoa, kusema kweli. Tulitangaza kwenye makundi ya kwaya: usilete, piga picha kwanza, maana karatasi inayopandishwa daladala inaweza isifike. Kwa picha, kaa kivulini mchana, zima mwanga wa simu, na usitumie ile programu inayogeuza kila kitu kuwa nyeusi na nyeupe. Inafuta penseli. Na Mwalimu masahihisho yake yote aliyaandika kwa penseli.

Wasiosoma noti za do-re-mi niwaeleze kidogo, ili waone kwa nini nasisitiza picha safi. Kila sauti ni herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenga mapigo, kistari kinaendeleza sauti, na alama ndogo sana, kama mkwaruzo wa kucha, ikiwa juu ya herufi inapandisha oktava, ikiwa chini inashusha. Picha ikiwa na ukungu, alama ile inapotea, na besi anajikuta anaimbishwa sauti ya tatu, ya tena. Pia herufi hizi hazikuambii do iko wapi kwenye kinanda. Hilo huandikwa juu ya ukurasa, pembeni: "Do ni G", "Do ni F". Mwalimu kwa sababu alikuwa na chuma chake na kichwa chake, mara nyingi hakuandika. Na pale alipoandika, mchwa huanzia pembeni.

Kwa hiyo tukawa na wimbo wa komunyo ambao sauti zote nne zipo, maneno yapo, ila hatujui uanzie wapi. Nikaenda nao kwa mama mmoja wa Keko aliyeimba soprano enzi hizo, nikiwa na kinanda kidogo cha betri. Ndani ya wimbo kuna mi ya juu inayoshikwa mapigo matatu. Nikamwekea do kwenye E-flati. Alipofika pale akatikisa kichwa: "Hapana, huko sikuwahi kwenda." Nikashuka hadi C. Akaimba vizuri, akaipita ile mi kwa urahisi, kisha akanitazama kwa mashaka. "Hapa nisingeogopa. Mimi nilikuwa naogopa." Nikapandisha hadi D. Alipoifikia mi, ambayo sasa ni F-shapu, uso ukakunjamana, sauti ikakatika, akapiga paja. "Hapo! Hapo ndipo Mwalimu alikuwa ananikazia macho."

Sauti ya mtu inabadilika na umri, kwa hiyo sikutosheka na ushahidi wake peke yake. Nikawatafuta besi wawili wa wakati ule, nao kwa do ya D sauti zao za chini zilikaa pale walipozizoea. Kwenye nakala tumeandika "Do ni D, kwa kumbukumbu ya waimbaji". Sehemu ya mwisho ya maneno hayo usiiache. Atakayekuja kupata karatasi nzima ajue ana haki ya kutusahihisha.

Mtego mkubwa kuliko mchwa ulikuwa mwandiko. Tulidhani kila kilichoandikwa kwa mkono wake ni utunzi wake. Kumbe kabla ya mashine za nakala kuwa kila kona, mwalimu wa kwaya alikuwa mnakili: anasikia au anaazima wimbo wa parokia nyingine, anaukopi usiku, kesho unafundishwa. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, kufungua mlango wa lugha za watu katika liturujia, nyimbo za Kiswahili ziliandikwa kwa wingi na kusafiri hivyo, mkono kwa mkono, mara nyingi bila jina la mtunzi. Wimbo mmoja ambao parokia nzima ilikuwa tayari kuapa ni wa Mwalimu tuliukuta kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, umewekwa kwa jina la mtu mwingine. Tangu hapo tukawa tunatafuta karatasi chafu. Utunzi wake una mistari iliyokatwa, alto iliyofutwa na kuandikwa upya, neno lililobadilishwa kwa sababu mkazo haukuangukia pigo. Alichonakili ni kisafi mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo msichague nakala nzuri mkatupa zilizochafuka, ambavyo ndivyo kila mtu wa usafi anataka kufanya.

Wajumbe wa kamati walinong'ona kwamba napoteza muda na makaratasi. Niliwakumbusha wimbo wa taifa tunaousimamia sote. Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, kwa noti hizi hizi za do-re-mi, kwa ajili ya wanafunzi wake. Alifariki 1905. Kwa miongo mingi hata kaburi lake halikujulikana lilipo, hadi lilipotambuliwa Johannesburg na kutangazwa mnara wa taifa mwaka 1996. Walinyamaza; sijui kama walishawishika au walichoka kunisikiliza, lakini fedha ya nakala ilitoka.

Habari ya fedha yenyewe ni chungu. Mwalimu alipiga kinanda miaka yote hiyo kwa posho iliyokuja ilipokuja, bahasha ya Krismasi na ya Pasaka, bila karatasi yoyote ya ajira. Kilichomtunza uzeeni ni pensheni ya ualimu. Alipolazwa, tulichangishana. Alipofariki, tulichangishana tena, na jeneza lilipata fedha nyingi kuliko dawa. Sisemi parokia ilikuwa na nia mbaya. Nasema hakuna aliyewahi kukaa naye mezani na kuandika. Vijana mnaopiga vinanda leo, ombeni makubaliano ya maandishi hata kama kiasi ni kidogo, na mjue NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea pia anayejichangia mwenyewe. Mwalimu angenikemea kwa kuyasema haya hadharani. Aliamini kinanda ni sadaka, na kwa hilo tulibishana naye akiwa hai. Bado sijakubaliana naye.

Halafu kuna haki za nyimbo. Kwaya yetu ilikuwa imesharekodi kadhaa na kuziweka YouTube, na siku ya arobaini mmoja wa watoto wake aliuliza, kwa upole kabisa, mapato yanakwenda wapi. Hakukuwa na mapato ya maana, lakini swali lilikuwa halali. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inaanza kazi inapotungwa, inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo nyimbo ni mirathi, kama nyumba. Kwaya inaweza kuzipenda kuliko familia lakini si mali yake. Njia ni ile ile ya mirathi nyingine: cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili, kikao cha ukoo na muhtasari wake, mahakamani kwa ajili ya msimamizi, na baada ya hapo kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili kuwe na ushahidi. Tulisaini na familia karatasi moja inayosema kwaya inaimba na kurekodi nini, na kikipatikana kitu kinagawanywaje. Ingekuwa rahisi zaidi kama Mwalimu mwenyewe angeisaini.

Kwenye kompyuta, tunaandika noti upya kwa MuseScore, programu ya kuandikia muziki, kwa kuwa ni bure. Waliozoea programu ya Finale wajue kampuni yake ilitangaza Agosti 2024 kwamba haitaiendeleza tena, kwa hiyo faili zenu zihifadhini pia kama PDF na MusicXML ili programu nyingine izifungue. Kila wimbo tunaweka na picha ya karatasi ya asili pembeni yake. Seti moja iko kwa mjane, nyingine ofisi ya parokia, nyingine kwenye boksi jipya la kwaya, la plastiki safari hii. Na funguo za boksi ziko kwa watu wawili.

Kazi haijaisha. Kuna wimbo wa shukrani ambao penseli ya Mwalimu, kwenye sauti ya tatu, imebadilisha fa kuwa fe (fa iliyopandishwa nusu), au imejaribu kubadilisha kisha ikaghairi. Karatasi imekunjwa pale pale. Waimbaji wa zamani wa sauti hiyo wanaapa ni fe na wanaimba hivyo. Vijana wanasema fe inagongana na alto, na kwenye kinanda kweli inagongana. Mjane tulipomuuliza alisema mumewe alipenda kugonganisha. Tumechapa fa, na fe kwenye mabano juu yake, na Alhamisi mazoezini kila upande unaimba ya kwake.